Waraka kwa Mweka Hazina Mwenzangu

Kwa Mheshimiwa John Mbadi,
Waziri wa Fedha,
Hazina ya Kitaifa, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako, ambao najua una thamani kubwa kwa kuwa tunaulipia sisi.

Nakuandikia kama mweka hazina anavyomwandikia mwenzake. Wewe unashika hazina ya Wakenya wote; mimi nashika ya kikundi cha akina mama wachuuzi wa omena hapa Usenge, tusiofika thelathini. Makadirio uliyoyasoma bungeni Juni 2025 yalizidi shilingi trilioni 4. Yangu huenea ndani ya sanduku la bati lenye kufuli tatu. Tofauti nyingine ni ndogo tu: mimi hesabu ikinipotea, nahojiwa siku hiyo hiyo na watu wanaopajua nyumbani kwangu.

Sitakueleza omena ni nini. Wewe ni mtu wa Suba, ulichaguliwa mara ya kwanza kuwa mbunge wa Gwassi mwaka wa 2007, ukaja kuongoza upande wa wachache bungeni, na kabla ya hayo yote ulikuwa mhasibu. Ziwa lako ndilo langu. Sisi tuko upande wa kaskazini, tukitazamana na Mageta. Kwa hiyo sitafundisha, nitahesabu. Ukiona nimekosea mahali, nisahihishe hadharani kama ninavyokuandikia hadharani.

Kila mwaka Mswada wa Fedha unapotoka, kuna swali huzunguka hapa ufuoni, kwa wavuvi, kwa wakaangaji samaki, hadi kwa vijana wa boda: hivi serikali inaweza kutia mkono katika akiba ya mtu? Wasomi wetu hujibu upesi kwamba haiwezi. Mimi husema inategemea unauliza mkono wa namna gani.

Mkono wa wazi ulijaribiwa Cyprus, Machi 2013. Benki zao zilikuwa zimefilisika, wakopeshaji wa Ulaya wanabisha hodi, na serikali ikapendekeza kukata asilimia 6.75 ya kila akaunti yenye chini ya yuro 100,000, na asilimia 9.9 ya zilizozidi hapo. Benki zikafunga milango, watu wakajaa barabarani, na mpango ulipofika bungeni hakupatikana mbunge hata mmoja wa kuupigia kura ya ndiyo. Mwishowe wenye amana ndogo wakaachwa, wakaumia wale wa zaidi ya yuro 100,000 katika benki mbili kubwa. Nakumbusha kisa hiki kwa sababu mtu wa Cyprus, hata yule wa akaunti ndogo kabisa, alijua atakatwa ngapi, na nani, na ampigie nani kelele.

Serikali yetu haina haja ya ubabe wa namna hiyo. Pesa yetu ikilala hamuigusi. Mnaingojea iamke.

Tangu 2013, ada ya kutuma na kutoa pesa hutozwa ushuru wa bidhaa, ushuru ule ule unaotozwa sigara na pombe. Sigara naielewa, na pombe nimeiona ikifanya kazi yake hapa ufuoni. Akiba bado sijaambiwa inamharibia nani mapafu.

Kiwango kilianza na asilimia 10. Mambo yakanoga 2018. Mtangulizi wako, Bw. Henry Rotich, alikuja na pendekezo la kukata asilimia 0.05 ya kila uhamisho wa shilingi 500,000 na kuendelea. Ikaitwa kodi ya Robin Hood, kwa jina la yule mwizi wa hadithi za Kiingereza aliyewapora matajiri akawapa maskini. Niliposikia Hazina inatafuta sifa kwa jina la mwizi, nilifurahia uwazi huo. Pesa zenyewe zilikusudiwa kusaidia matibabu ya wote, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: anayehamisha nusu milioni atoe shilingi 250. Hapa kwetu ingemgusa mwenye mashua nyingi na mnunuzi wa samaki wa mbuta wa kupeleka viwandani, na sidhani kama wangekosa usingizi.

Chama cha mabenki kikaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikaisimamisha kodi hiyo, na Septemba ikawa Robin Hood amezikwa. Lakini pengo la bajeti halikuzikwa pamoja naye. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikapandisha ushuru wa ada za benki kutoka asilimia 10 hadi 20, na ule wa ada za kutuma pesa kwa simu kutoka 10 hadi 12. Yaani aliyehamisha nusu milioni alipata wakili, na aliyetuma mia tano akapata nyongeza. Kama mnaitafutia jina kodi iliyobaki, katika hadithi hiyo hiyo yumo pia liwali wa Nottingham, mkamuaji wa maskini.

Mwaka wa 2023 viwango vikasawazishwa. Ushuru wa kuhamisha pesa kwa benki ukashuka kutoka 20 hadi 15. Wa simu ukapanda kutoka 12 hadi 15. Mnapenda sana neno usawa, nami sina ugomvi nalo, ila nimeona mara nyingi likija kwetu linakuja likipanda. Mwaka uliofuata mswada ukataka wote tufike 20. Kamati ya bunge ikaliondoa pendekezo hilo vijana walipoanza kujaa barabarani. Tarehe 25 Juni 2024 vijana hao wakaingia Bunge, na kesho yake Rais akauacha mswada mzima. Watu walikufa siku hiyo, kwa hiyo hapo sitafanya mzaha. Wewe hukuwa Hazina, uliapishwa Agosti. Nakukumbusha tu kiti hicho ulikikuta na joto la nani.

Sasa nifungue daftari.

Kwa bei za M-Pesa zilizotangazwa baada ya sheria ya 2023, kutoa pesa kwa wakala, kuanzia shilingi 101 hadi 2,500, ni shilingi 29, ushuru ukiwemo. Ndani ya hizo 29, fungu lako ni karibu shilingi 3.80. Zinazobaki ni za kampuni na wakala, na hao nitawaandikia waraka wao. Kutoa shilingi 150,000 ni shilingi 309, na fungu lako humo ni kama 40. Mhasibu mwenzangu ameshaona ninakokwenda. Anayetoa 200 ameilipa serikali karibu asilimia 1.9 ya alichotoa. Anayetoa 150,000 ameilipa chini ya asilimia 0.03. Wa chini amekatwa mara sabini ya wa juu. Na ukiihesabu ada nzima, ya kampuni na ya kwako, wa mia mbili ameacha pale kwa wakala asilimia 14.5 ya pesa yake, zaidi ya mara mbili ya ile 6.75 iliyowajaza watu wa Cyprus barabarani. Wao ilikuwa wakatwe mara moja. Sisi ni kila siku ya kwenda kwa wakala.

Utaniuliza, mama gani huyu anayetoa mia mbili mbili kama anayedokoa? Swali la haki, na wewe ni mtu wa ziwani, utanielewa upesi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki wazaane. Hatuna neno na hilo. Tumeona samaki wa ngege alivyoadimika, hatutaki omena imfuate. Lakini kwa miezi hiyo minne mchuuzi hana bidhaa. Ana akiba tu. Alichokiweka kwenye simu tangu Agosti inabidi kimfikishe Agosti nyingine. Mwenye akili haitoi yote, kwa sababu pesa ikishaonekana mkononi hupata wajomba wengi. Anatoa mia mbili leo, za unga na mafuta ya taa. Keshokutwa mia mbili nyingine, za dawa ya mtoto. Akiitoa elfu mbili kwa mpigo mmoja, ada ni 29. Akiitoa mia mbili mara kumi, ada ni 290, na fungu lako limepanda kutoka shilingi 3.80 hadi 38.

Hapo ndipo ninapokulalamikia hasa, Mheshimiwa. Mmetoza ushuru kujizuia. Yule aliyeitoa yote Ijumaa na kuimaliza Jumapili amelipa mara moja. Yule aliyeinyoosha hadi Julai, mwenye nidhamu ya matumizi ambayo naitamani kwa idara kadhaa za serikali, amelipa mara kumi. Na miezi aliyolazimika kutoa ndiyo ile ile mliyomwambia asifanye kazi.

Najua nitaambiwa alipe kwa simu moja kwa moja, aachane na wakala. Tumejaribu. Muuza kuni anataka noti, kwa kuwa naye akipokea kwa simu atakuja kuitoa, na atakatwa yeye. Boda vilevile. Kila mtu anamsukumia mwenzake ile 29. Ndiyo maana Kenya nzima, kutoka Usenge hadi Lamu, imejifunza sentensi moja: “Tuma na ya kutoa.” Ushuru wenu umeshaingia hadi katika adabu za nyumbani. Mtumie mama mkwe elfu moja kavu, bila ya kutoa, uone utakavyopokewa Krismasi.

Majirani zetu wa ziwa hili nao wamepita njia hii. Uganda ilianza Julai 2018 kukata asilimia 1 ya pesa yenyewe, wala si ya ada, kwa miamala ya simu. Kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa peke yake. Tanzania ilileta tozo ya miamala Julai 2021, ikaipunguza kwa asilimia 30 muda si muda, mwaka uliofuata ikaifikisha hadi benki, kisha kuanzia Oktoba 2022 ikaanza kuzifuta nyingine. Watu walirudi kwenye noti, na serikali zikarudi mezani.

Kwetu kurudi kwenye noti nako kuna historia yake. Mnatuonya, kwa upole mkubwa, kwamba pesa ya chini ya godoro haiko salama. Ni kweli, na ninyi ndio mliotuthibitishia. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu wa wakati huo, Dkt. Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 itakoma kuwa pesa ifikapo 30 Septemba. Lengo lilikuwa kuwanasa wenye magunia ya pesa chafu na noti bandia. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7 zilikuwa hazijarudi, thamani yake kama shilingi bilioni 7.4. Tulipigiwa makofi: wezi wamenaswa! Lakini mwenye magunia alikuwa na wakili, na akaunti, na jamaa wa kumgawia magunia, na miezi minne ya kufanya kazi hiyo. Nyanya aliyeshonea noti sita ndani ya mto ili zimzike hakuwa na lolote kati ya hayo, hata redio. Katika bilioni hizo 7.4, za magunia ni ngapi na za mito ni ngapi? Ninyi ndio mliozihesabu.

Basi tukubali godoro limekufa, twende benki. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, muda usiofika miezi minane, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank zote ziliangukia mikononi mwa Benki Kuu. Wakati huo bima ya amana ilikuwa shilingi 100,000 kwa mtu. Julai 2020 ikapandishwa hadi 500,000, nami nalishukuru Shirika la Bima ya Amana bila kejeli yoyote. Kwa wanachama wangu nusu milioni ni ngao ya kutosha na kubaki. Lakini ukitazama anayeilipia, utakuta ni michango ya mabenki. Ile 3.80 yangu haimo. Umepokea kila pesa ilipopita, na siku ilipokwama, aliyetumwa kuikwamua ni mwingine.

Tena wengi wetu hata ndani ya ngao hiyo hatumo. Walimu, wauguzi, wenye matatu, wavuvi wenye mashua zao, hao huweka katika vyama vya akiba na mikopo, sako. Sheria ya sako ya 2008 iliwaahidi mfuko wa kudhamini amana zao. Miaka 15 ikapita, mfuko haujaanza kazi. Katika kuungoja huko, muungano wenyewe wa sako, KUSCCO, ukakaguliwa, na mapema 2025 taifa likaelezwa kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 hazionekani. Mwanasiasa akisema bilioni, sisi huku hubadilisha kwa gorogoro za omena ili tuelewe. Hii ilitushinda, tukaacha.

Lakini akiba inayoniuma kuliko zote ni ya marehemu.

Hapa watu huzama. Upepo hugeuka usiku, mashua ikapinduka, na mvuvi akienda, simu huenda naye, na namba ya siri huenda naye. Kwa Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya 2011, akaunti ya benki isipoguswa kwa miaka 5 huhesabiwa kuwa imetelekezwa. Pesa ya simu, miaka 2. Kisha huhamishiwa UFAA, mamlaka iliyoundwa kuzitunza. Sikatai, ni bora huko kuliko kubaki kwa kampuni, na mrithi anaruhusiwa kuidai. Sasa mfikirie mjane wa Mageta ambaye mwili wa mumewe haukupatikana. Avuke maji hadi Usenge, apande gari hadi Bondo, atafute barua ya chifu, cheti cha kifo, karatasi za mahakama za urithi. Cheti cha kifo atakipataje bila mwili? Sheria yetu ya ushahidi husubiri miaka 7 ndipo imdhanie mtu kuwa amekufa. Pesa yake ya simu imesubiriwa miwili. Kwa hiyo kuna miaka 5 ambayo, kwa mujibu wa sheria za Kenya, mume yu hai na M-Pesa yake imeshafariki.

Na pesa hiyo ikiwa inangoja mwenyewe, hailali bure. Huwekezwa katika dhamana za serikali. Mvuvi wetu yuko chini ya ziwa, Mheshimiwa, na bado anaikopesha Hazina. Sijui mzalendo gani mwingine mnayemtaka.

Usidhani haya ni maneno ya kizazi cha mitandao. Siaya, kaunti yetu, ina desturi yake katika jambo hili. Tarehe 23 Desemba 1921 wazee wetu walikusanyika Lundha, kule Gem, wakahesabu malalamiko yao, na kodi ya nyumba ilikuwa mojawapo. Miaka miwili baadaye, mmisionari Archdeacon Owen alipowasaidia kukibadili chama chao kiwe cha adabu zaidi machoni pa Mwingereza, walikiita Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, jina la kikoloni la eneo letu. Walijiita walipa kodi kabla hawajaruhusiwa kujiita raia. Na mwaka wa 1947 Jaramogi Oginga Odinga, mtu wa Bondo hapa jirani, alianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, akazunguka kuwauzia watu hisa kwa shilingi za jasho lao, hadi likasimama jengo la Ramogi House mjini Kisumu. Kampuni hiyo ilikuwa na matatizo yake, sitaitakasa. Lakini aliyetoa shilingi yake aliweza kupanda gari akaenda kuligusa jengo.

Nakuja kwenye ombi, maana barua ya kulalamika tu hufunguliwa na karani, na ya kuomba hupandishwa ghorofa ya juu.

Kikundi chetu nacho kinatoza. Kila mkutano, kabla mtu hajanunua hisa, anaweka kitu kidogo katika mfuko wa jamii. Hakuna anayenung'unika, hata miezi ya kufungwa ziwa. Sanduku hulala kwa mwanachama asiye na ufunguo. Funguo tatu ziko kwa wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti. Pesa huhesabiwa kwa sauti, na atakayechelewa kufika hutozwa faini ingawa ni shemeji wa mweka hazina. Akifiwa mmoja wetu, ule mfuko ndio unaonunua jeneza. Tozo yetu na usalama wetu hukaa sanduku moja. Za kwenu hukaa majumba mawili, na nina shaka kama yanasalimiana.

Kwa hiyo naomba kwanza mtu anayetoa elfu moja au chini ya hapo asitozwe ushuru wowote juu ya ada yake. Ni chini ya shilingi 4 kwa mara, hutafilisika. Na kama utafilisika, basi tulikuwa tumekubeba muda wote huu bila kujua, na tunastahili angalau barabara. La pili, kila shilingi mnayoipata kwa ushuru wa pesa inayotembea, sehemu yake iende moja kwa moja katika kuuanzisha ule mfuko wa dhamana wa sako wa tangu 2008. Kiwango utakitaja wewe, siku ya bajeti, kwa sauti, na mwaka utakaofuata utueleze kilitekelezwa au hakikutekelezwa. Na UFAA waje kwenye fuo, wakae na viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo, ambao wana majina ya kila aliyetoka na mashua asirudi, wawape wajane karatasi wanazotakiwa kujaza, hapa hapa, kwa Dholuo na Kiswahili, badala ya kungoja mwanamke wa kisiwani aifumbue tovuti.

Nimesikia pia hoja kwamba serikali ikizidi kuona ndani ya akaunti zetu, itatoza kwa haki zaidi. Mswada wa 2025 ulitaka kukiondoa kifungu kinachoizuia KRA, mamlaka ya mapato, kudai taarifa za siri za wateja, na wabunge, kwa mara moja, wakasema hapana. Ningependa kukuambia kwamba sisi huku hatuna cha kuficha. Tuna cha kuonyesha: njoo siku ya mkutano, ukae kwenye mkeka, tufungue kufuli tatu mbele yako na kuhesabu. Halafu nawe utufungulie zako.



Ni mimi,
Mweka hazina,
Kikundi cha akina mama wachuuzi wa omena, Usenge.

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa, Gavana, Benki Kuu ya Kenya.

Tanbihi: Wanachama wameomba niseme kwamba jibu lako lije kwa barua. Likija kwa pesa hatutalikataa, ila tuma na ya kutoa.